Profesa Aliyeishiwa Hamu

Simu iliyomwangusha Profesa ilipigwa na mama mmoja mwenye duka la dawa, na ilipigwa kwa adabu zote.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya tuzo za gemu, wiki ambayo chaneli yao ndogo ya mtandaoni hupata watazamaji wengi kuliko wakati mwingine wowote. Profesa alikuwa kwenye kiti chake chekundu, kofia kichwani, miwani ya urembo machoni, nyuma yake zimebandikwa picha za gemu zinazowania. Alishazichambua karibu zote. Alisifu muziki, akalaani bei, akawatania wasioweza kuvuka hatua ya kwanza, na fundi mitambo nyuma ya kioo akacheka kila palipohitaji kicheko. Hakuna aliyejua kwamba katika gemu zile zote hakuna hata moja ambayo Profesa aliishikia pedi ya kuchezea.

"Habari za jioni, Profesa," mama yule alisema.

"Njema, shikamoo mama. Uliza tu, uko nyumbani."

"Marahaba. Ni kuhusu ile gemu ya mlinda daraja. Kipindi kilichopita ulisema mwishoni yule mzee anakupa chaguo: umwachie taa avuke nayo, au ubaki nayo wewe. Ukasema wewe ulimpa."

"Nilimpa," Profesa alisema, akaweka mkono kifuani kama kawaida yake. "Moyo uliniuma, lakini nilimpa."

"Sasa hapo unafikaje, mwanangu? Maana mimi kila nikifika darajani mzee ameshafariki. Tangu nikusikie nimerudia Jumapili nzima. Nimepita njia ya mtoni, nimepita ya msituni, nimekimbia bila kuokota kitu chochote ili nimuwahi. Nilikuwa nimekata tamaa. Nilipokusikia nikasema basi, kumbe njia ipo. Nielekeze tu."

Profesa alirekebisha miwani yake. Maneno yale ya taa aliyasoma mtandaoni harakaharaka, kikombe cha chai mkononi, katika uchambuzi wa mtu aliyekuwa akilinganisha gemu mbili. Sasa ndipo alipokumbuka kuwa lile chaguo lilikuwa la gemu ile nyingine.

"Ukishafika kwenye mlango wa pili," alianza.

"Mlango upi, mwanangu? Pale hakuna mlango."

Fundi mitambo aliinua kichwa. Pembeni ya skrini maoni ya watazamaji yalianza kupanda mbiombio, moja likisukuma jingine. Mama yule bado alikuwa kwenye laini, anasubiri kuelekezwa, wala hakuwa na habari kwamba amemshika mtu shati.

"Twende kwenye tangazo," Profesa alisema.

Walipotoka kwenye tangazo, simu ilikuwa imeshakatwa.

*

Mkewe alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa, na siku ile alirudi mapema kuliko yeye. Profesa alipoingia alikuta chakula kimeshapakuliwa na binti yao, Kidege, ameketi wima kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Simu zote mbili zilikuwa zimelazwa kifudifudi mezani. Ndipo akajua kwamba wameona.

Walikula. Kijiko cha mtu fulani kilikuwa kikigonga sahani kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

"Baba," Kidege alisema, "ile gemu ulicheza au hukucheza?"

"Kula kwanza."

"Nakula. Nauliza tu."

"Mwache baba yako apumue," mama yake alisema.

"Sijamkaba, mama. Kwenye kundi letu la darasa nimewaambia wote kwamba simu ilikuwa mbovu, baba hakusikia vizuri. Kama si kweli aniambie sasa, nijue kesho naingia na uso gani."

Profesa alitazama maji kwenye glasi yake. Mtoto huyu ndiye aliyemtengenezea ile nembo ya kipindi, akaichora upya kila alipoona haijakaa sawa. "Nilichanganya," alisema. "Gemu ni nyingi. Mtu huchanganya."

Kidege alimtazama kwa muda mfupi kuliko alivyozoea, kisha akainuka na sahani yake. "Haya," alisema.

Ukweli ni kwamba hata yeye mwenyewe asingeweza kueleza jambo hili lilianza lini. Hapakuwa na ugomvi wala msiba. Zamani, gemu ikitangazwa, alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Ikitoka, anaifungua taratibu kama mtu anayetoa kiatu kipya kwenye boksi, anainusa. Tuzo zikija anagombana na redio, anagombana na shemeji zake, anamkasirikia mtu aliyempigia kura mshindani. Halafu mwaka fulani aliwasha gemu mpya iliyosifiwa dunia nzima, akatembea hatua chache katika shamba zuri lenye upepo, akahisi anatafuna kitu ambacho mwingine ameshakitafuna. Akazima. Akajiambia amechoka, atarudia kesho. Zile kesho zikapandana. Kipindi nacho hakikusubiri, nyumba haikusubiri, basi akaanza kusoma ya wenzake na kuyasema kwa sauti yake. Sauti yake ilikuwa nzuri. Ikamtosha.

*

Kesho yake alipokwenda kununua mkate, kijana wa dukani alimpa chenji huku ameshika kifua. "Moyo unaniuma, Profesa, lakini nakupa."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Profesa naye akacheka, akachukua mkate, akasahau maziwa, akaona aibu kurudi.

Kufikia adhuhuri alishaisikia sentensi ile kwa kondakta, kwa fundi viatu, na kwa mama mmoja aliyekuwa akimwachia mtoto wake ndizi. Kipande cha video kilikuwa kimezunguka. Kuna aliyekiwekea muziki. Kuna aliyeweka uso wa Profesa juu ya mwili wa mbuzi. Ofisini alimkuta Bosi, mwenye chaneli, amejaa furaha kama aliyepata mtoto wa kiume uzeeni.

"Kaa, kaa," Bosi alisema, akamvutia kiti mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Umeona namba? Watu hawajawahi kukupenda namna hii."

"Wananicheka, Bosi."

"Kupendwa ndiko huko. Sikiliza. Siku ya tuzo unakaa pale na taa mkononi. Taa ya kweli, ya chemli, nimeshaagiza. Kila tuzo ikitolewa unasema ile sentensi yako. Wadhamini wamepiga simu wenyewe, sikuwatafuta. Wanataka na fulana. Na tunakubadilishia jina: Profesa Hajacheza." Bosi alicheka mpaka akajifuta jicho. "Hutalazimika kucheza tena maisha yako yote. Si ndiyo unayotaka?"

Kwa kweli ilikuwa kama ndiyo aliyotaka. Profesa alijiona kwenye kiti chekundu na chemli mapajani, mwaka huu, na ujao, na unaofuata, akishika kifua. Alimwona Kidege naye, amevaa sare, akipita katikati ya fulana zile.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi leo. Lala, amka, utaweza."

"Sitaki tuzo, Bosi. Si hizi tu. Nikiona orodha ya gemu mpya nahisi usingizi. Nimekuwa nikikudanganya, na watazamaji pia. Kama kuna kazi ya kukata na kuunganisha video huko nyuma, nipe hiyo."

Bosi aliacha kucheka. Alimtazama kama mtu aliyepewa chakula akakuta nywele. "Huko nyuma nina vijana wanaojua. Wewe nilikuwa nimekuajiri upende gemu. Sasa kama huzipendi, nikulipie nini?"

Lilikuwa swali la haki. Profesa alivua kofia ya chaneli, akaiweka mezani, kisha akashuka ngazi akiwa ameshika mkoba wenye daftari tupu na miwani isiyo na kazi.

*

"Nimekataa," alimwambia mkewe jioni. Mke alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, koti lake jeupe limeangikwa nyuma ya mlango.

"Umekataa nini?"

Alimweleza yote, pamoja na chemli. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, akisugua mguu mmoja kwa mwingine majini.

"Bila kuniuliza," alisema mwishowe.

"Ningekuuliza ungesema nikubali."

"Ndiyo maana hukuniuliza."

Profesa alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. "Hamu imeniisha, Mama Kidege. Si ya kipindi tu, ya gemu zenyewe. Zamani nilidhani tuzo zile ni sikukuu. Sasa naona watu waliovaa vizuri wanawashukuru watu nisiowajua. Tangu mwaka juzi. Labda na kabla."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Zamani ukicheza ulikuwa unazungumza peke yako. Unatukana, unaomba, unajisifu. Niko jikoni nakusikia, najua mume wangu yupo. Siku hizi mashine inanguruma, mtu hasikiki. Mwanzoni nilifikiri una mwanamke."

"Nguvu ya mwanamke ningeitoa wapi?"

"Hilo nalo nililifikiria, nikatulia." Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika. Akatoa mguu mmoja majini, akautazama kisigino kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Unajua mimi hamu ya kazi iliniisha lini?"

Profesa hakujua. Hakuwa amewahi kujua kuwa kuna cha kujua.

"Kidege alikuwa hajaanza shule. Asubuhi moja nimeinama kwenye darubini, nikaona sitaki kabisa kujua kilichomo humo. Nikaangalia hivyohivyo. Nikaandika majibu. Kesho yake nikaenda tena. Nani aliniuliza? Mimi sina kiti chekundu cha kuinuka nikasema jamani basi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungenifanyia nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma majibu ya mgonjwa. "Halafu wala sikuona vibaya. Nilikuwa najiambia, katika nyumba hii angalau yupo mtu mmoja anayependa kitu. Narudi nimekwisha, nakukuta unapigana na dude lenye vichwa vitatu, unaniita nije nione. Siji. Lakini roho inatulia. Sasa tumebaki wachovu watupu."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Profesa aliinuka kwenda kuyamwaga, na alipokuwa ameinama juu ya karo alitamani mkewe angempigia kelele. Kelele angezijibu.

Kidege alikuwa mlangoni mwa chumba chake. Kuta za nyumba ile hazikuwa na siri.

"Kwa hiyo hukucheza," alisema.

"Sikucheza. Na jana nilikudanganya."

"Ungeniambia jana. Leo nimekutetea mbele ya darasa zima mpaka nikagombana na rafiki yangu."

"Najua."

"Hujui, baba. Hukuwepo." Alikuna fremu ya mlango kwa ukucha, rangi ikabanduka. "Kesho nitawaambia ulidanganya."

"Waambie."

Alifikiri kidogo. "Nitawaambia umeacha," alisema, akafunga mlango.

*

Duka la dawa halikuwa gumu kulipata. Mama mwenyewe alikuwa amelitaja kwa fundi mitambo alipopiga simu. Profesa alisimama kwenye foleni kama mteja, nyuma ya mzee mwenye kikohozi na msichana aliyekuwa akinong'ona anachotaka. Alikuwa bila kofia na bila miwani, na hakuna aliyemtambua. Zamu yake ilipofika akaamkia.

Mama yule aliinua uso. Alikuwa mnene kiasi, nywele zimeanza mvi pembeni, kalamu imechomekwa sikioni. "Hiyo sauti naijua," alisema.

"Nimekuja kukuomba radhi, mama."

"Ya nini tena?"

"Kukupotezea Jumapili. Ile gemu sikuicheza. Lile chaguo halipo."

Mama alishusha pumzi. Hakuonekana amekasirika, ila ule wepesi kidogo aliokuwa nao usoni uliondoka, na Profesa akaona wazi ni kitu gani alichomnyang'anya. "Hakuna njia kabisa," mama alisema, na wala hakuwa anauliza.

"Hakuna."

"Nilijua. Ila mtu ukiambiwa ipo, unarudi." Alichukua cheti cha mteja aliyefuata, akakisoma, akahesabu vidonge kwenye sahani kwa kisu bapa, akampa maelekezo ya kutwa mara tatu, kisha akamrudia Profesa. "Lakini kwa nini ulihangaika hivyo? Ungesema tu hujacheza. Sisi tungekusimulia."

Profesa aliegemea kaunta. Katika hofu zote alizokuwa nazo mwaka ule, jambo hilo halikuwa limempitia akilini.

"Nisimulie basi," alisema.

Mama akamsimulia, kwa vipande, katikati ya wateja. Alimweleza jinsi daraja linavyoonekana kwa mbali kabla ya kulifikia. Akamweleza kuwa mzee ameketi ameegemea nguzo, uso ameuelekeza barabarani, upande ule unaotokea wewe. Ukimkaribia, maandishi yanakuambia taa bado ina joto. "Hapo ndipo panaponiudhi," alisema, akifunga kofia ya chupa ya dawa. "Angekuwa amepoa siku nyingi ningesema haya. Lakini taa ina joto. Maana yake umechelewa kidogo tu. Sasa mtu utaachaje kurudi?"

"Unamjua mtu kama huyo? Katika maisha ya kawaida?"

"Hapana," mama alisema, akamshangaa. "Sipendi tu kumkuta amekufa."

Mteja aligonga kaunta kwa sarafu. Profesa alijitoa njiani, lakini hakuondoka. Aligundua kuwa anataka mama aendelee. Gemu yenyewe haikumvuta, hata ile taa haikumvuta. Alichotaka ni kumwona mama huyu akiudhika nayo.

"Utaicheza sasa?" mama alimuuliza alipopata nafasi.

"Sidhani, mama."

"Haya. Leo angalau umenijibu la kweli." Alichukua pakiti ya pipi za koo, akaiweka mbele yake. "Sauti imekukauka. Nenda nazo."

*

Siku ya tuzo ilimkuta Profesa kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ndani ya kijumba cha kioo juu ya rafu za rangi, mbele ya kipaza sauti. Fundi mitambo ndiye aliyemtafutia kibarua hicho kwa mjomba wake. Alikuwa akisoma matangazo: mabomba yameshuka bei, mwenye gari jeupe lililoziba mlango wa kupakulia aje aliondoe, mtoto aliyevaa njano anamtafuta mama yake na yuko kaunta ya misumari. Malipo yalikuwa ya kutwa na hayakukaribia alichokizoea. Sauti ilikuwa ileile. Mara moja mnunuzi mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo za rangi, akatafuta sauti inatokea wapi, akaguna, akaendelea na ndoo zake.

Asubuhi ile, kwa saa za kwao, tuzo zilikuwa zikirushwa. Vijana wa stoo walikuwa wamezunguka simu moja. Wakati fulani wakapiga makofi, wakati mwingine wakazomea. Profesa alisikia yote kutoka juu. Alisubiri moyo wake ushtuke, angalau kwa mazoea, kama mguu unavyotafuta ngazi ambayo haipo. Haukushtuka. Ikamhuzunisha kidogo, namna mtu anavyohuzunika akipita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga, akaona pazia la wengine. Kisha akatangaza saruji.

Jioni alifika nyumbani kabla ya mkewe. Kidege alikuwa mezani na vitabu vyake. Alikuwa hajarudi kumchangamkia, lakini siku zile mbili tatu alikuwa ameanza tena kumwambia yaliyotokea shuleni, kwa sentensi fupifupi. Profesa akainjika maji. Mkewe aliingia, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kiti.

"Nani kashinda?" aliuliza, kwa kuwa ndilo swali aliloliuliza kila mwaka siku kama ile.

"Sijui."

Alifumbua macho akamtazama mumewe, kama anayehakiki kwamba ni yeye. "Hujui kabisa?"

"Kabisa. Vijana walipiga makofi, sikuuliza."

Mkewe alitikisa kichwa. Profesa alimimina maji kwenye beseni, akaonja joto kwa kiganja, akalileta hadi miguuni pake. Zamani, baada ya hapo, angerudi kwenye mashine yake ya gemu. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Mama Kidege. Ile darubini."

"Imefanya nini?"

"Mwanzoni ulipenda nini? Kabla hamu haijaisha."

"Maswali gani haya, mtu nimechoka?"

"Nisimulie tu. Mimi sijui kitu kuhusu darubini."

Mkewe alitumbukiza miguu, akafumba macho. Kidege aliacha kuandika.

"Kulikuwa na tone la maji," alisema mkewe, akiwa bado amefumba macho. "La mtaroni. Mwalimu alituambia kila mtu alete lake."

"Enhe," alisema Profesa.

"Basi wenzangu wote walileta ya bomba."